Anategea, au umeme umekatika? Namna ya kushughulikia tabia mbaya kazini wakati hamuonani

Naongoza timu ya watu kumi na wanne wanaojibu wateja wa duka moja la mtandaoni la nje. Ofisi hatuna. Mimi niko Tabata, Dar es Salaam. Wengine wako Arusha, Mwanza, Dodoma na Tanga, na wawili wako Mombasa. Kazi yote inapita kwenye skrini: tiketi ya mteja, yaani swali au lalamiko lake, inaingia kwenye foleni, mtu anaichukua, anaijibu, anaifunga. Huu ni mwaka wangu wa tano. Wapo niliofanya nao kazi miaka mitatu sasa na sijawahi kushikana nao mkono, sura zao nazijua kwa picha ya WhatsApp tu.

Naandika kwa ajili ya yule aliyepewa watu wa mbali awaongoze, akaambiwa "wasimamie", basi. Nilianza hivyohivyo, na watu wawili watatu waliumia kwa sababu yangu kabla sijajua ninachofanya.

Shika hili kabla ya mengine. Ukiwa mbali na mtu humuoni yeye, unaona alama anazoacha: saa aliyoingia, kitone cha kijani pembeni ya jina lake kinachoonyesha yuko mtandaoni, tiki mbili za bluu bila jibu, kamera iliyozimwa. Alama hiyohiyo inaachwa na mtegaji, na inaachwa vilevile na mama anayembeleza mtoto mwenye homa. Makosa yangu makubwa yote yalianza pale niliposoma alama nikadhani nimemjua mtu.

Kwanza jua hali yake

Novemba 2023 tulikuwa kwenye mgao wa umeme. Nilikuwa na kijana Mwanza, mmoja wa watu wangu hodari, akaanza kupotea mchana. Saa saba yupo, saa nane hayupo, saa kumi anaibuka na wateja wake wameshakasirika. Siku ya tatu nikaandika kwenye kikundi cha timu nzima: "Kuna watu wanategea na tunawajua. Zamu si mapumziko." Sikutaja jina, na kila mtu alijua namsema nani. Hakujibu. Wiki nzima alifanya kazi yake bila kuandika neno lolote ambalo si la kazi.

Ukweli niliupata kwa mwenzake. Umeme mtaani kwao ukikatika, betri ya laptopu yake haimalizi dakika arobaini. Alikuwa anaiweka kwenye begi, anatembea mpaka kwenye stationery yenye jenereta, analipia kukaa, na anamaliza zamu amesimama pembeni ya mashine ya fotokopi. Hakuniambia kwa kuwa aliona aibu kusema hana pesa ya betri mpya.

Nilimpigia nikamwomba radhi. Kisha nikaomba radhi kwenye kikundi kilekile, maana heshima niliyomvunjia mbele za watu nisingeweza kumrudishia pembeni. Aliandika, "Yameisha dada." Ilichukua miezi kabla hajaanza kunitania tena kama zamani.

Tangu hapo kila mtu wangu ana ukurasa mmoja tunaoujaza pamoja kwa simu wiki ya kwanza ya kazi, naye anabaki na nakala. Anaishi wapi. Mita ya Luku ni yake peke yake au anachangia na wapangaji wengine. Anatumia faiba, rauta ya laini, au bando la simu. Laptopu ni ya kampuni au yake. Nani yuko nyumbani wakati wa zamu. Umeme ukikatika anakimbilia wapi, na ni mwendo wa dakika ngapi. Hilo la mita linaonekana dogo, lakini mpangaji anayechangia mita hana uamuzi wa lini umeme uongezwe. Jirani mmoja akichelewesha mchango wake, nyumba nzima iko gizani na mtu wangu kakosa zamu.

Tatizo likitokea, jiulize kwanza: limempata yeye peke yake? Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko kwa siku kadhaa. Jumatatu asubuhi nusu ya timu yangu ilikuwa haionekani. Bila swali hilo ningeamka nikawaandikia watu saba barua za kujieleza.

Hali hiyo nayo ina mpaka wake. Kwetu kukatikiwa na umeme si kosa. Kosa ni kunyamaza. Ndani ya dakika kumi na tano mtu anatuma SMS ya kawaida, si WhatsApp, maana SMS inapita hata bando la intaneti likiwa limeisha: "Umeme umekatika, natoka, nitarudi saa tisa na nusu." Ikitokea mara ya tatu ndani ya mwezi, tunakaa tutafute dawa: kubadilisha zamu, betri kwa gharama ya kampuni, au kuhamia kwa ndugu mwenye umeme wa uhakika kwa muda. Dawa ikipatikana na bado anapotea bila taarifa, hapo nina haki ya kuiita tabia.

Achana na kitone cha kijani, fungua kazi yenyewe

Mwaka 2022 Microsoft iliwahoji watu 20,000 katika nchi 11. Wafanyakazi 87 kati ya kila 100 walisema wanazalisha vizuri. Viongozi 85 kati ya kila 100 walisema kazi ya kuchanganya nyumbani na ofisini imewafanya iwe vigumu kuamini kwamba watu wao wanazalisha. Kwenye pengo hilo ndiko zinakouzwa programu za kupiga picha skrini za watu kila baada ya dakika chache, na ndiko vinakouzwa vifaa vya kutikisa kipanya ili kitone kibaki kijani mwenye laptopu akiwa amelala. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwafukuza wafanyakazi zaidi ya kumi kwa kuigiza kuchapa kwenye kibodi. Udanganyifu ule siutetei. Ila mwenye kupima mtikisiko wa kipanya atapewa mtikisiko wa kipanya, na mteja ataendelea kusubiri.

Utegaji wenyewe niliwahi kuukuta hivi.

Nilikuwa na mtu ambaye kila asubuhi alikuwa kati ya watatu wa kwanza kuingia. "Asubuhi njema wapendwa." Kijani kutwa nzima. Wenzake wakifunga tiketi arobaini kwa zamu, yeye anafunga sitini na mbili. Nilimsifu mbele ya wote, mara mbili. Wakati huohuo dada mmoja wa Tanga, mkimya, namba zake zilikuwa zinashuka: ishirini na nane, ishirini na sita. Nilishaanza kumwandikia ujumbe wa kumuuliza kulikoni.

Usiku mmoja, kabla sijautuma, nikaacha jedwali la jumla nikafungua tiketi moja moja. Kila tiketi ina historia yake. Inaandika nani kaifungua na dakika gani. Ya kwanza: "Mzigo wangu uko wapi?" Kaichukua yeye, kanakili namba ya mzigo, kaifunga, dakika mbili. Ya pili: mteja anadai pesa yake, katuma picha tatu za sahani zilizovunjika, maneno makali. Kaifungua yeye saa 3:12 asubuhi, kairudisha kwenye foleni saa 3:13. Dada wa Tanga kaichukua saa 3:20, kaimaliza saa 4:05. Ya tatu hivyohivyo. Nikachukua kalamu na karatasi nikahesabu zamu nzima. Alizofungua na kuzirudisha zilikuwa kumi na moja. Tisa kati ya hizo ziliangukia kwa yule dada, na hakuwahi kulalamika hata siku moja.

Namba nilizokuwa nazitangaza kila Ijumaa zilikuwa zinamsifu mtegaji na kumshitaki mchapakazi, na mwenye kuzitangaza ni mimi.

Asubuhi nilimtumia yule kaka ujumbe huu, nauweka hapa ulivyo kwa sababu maneno yake nimeyapima: "Habari za asubuhi kaka. Naomba dakika ishirini leo saa kumi jioni tuongee kwa simu kuhusu tiketi za kurudishiwa pesa za wiki hii. Si jambo la kukufukuzisha kazi, ila ni jambo la kurekebisha. Ukipata sehemu tulivu itakuwa vizuri." Usimtumie mtu "naomba tuongee" peke yake. Atakaa saa nane nzima akiwaza mabaya yote, na zamu hiyo hutapata kazi. Taja jambo, taja saa, taja uzito wake. Na uzito huo uwe wa kweli: kama linaweza kumfukuzisha, usimdanganye kwamba haliwezi.

Kwenye simu sikumwambia "unategea". Nilimsomea tiketi ya kwanza na saa zake, nikanyamaza. Akasema mtandao ulikuwa unasumbua. Nikasoma ya pili, ya tatu, ya nne. Kukawa kimya kirefu, kisha: "Dada, kwa kweli zile za pesa zinanitisha. Mteja anatukana kwa Kiingereza, halafu nikikosea kiasi nakatwa mshahara." Hatuna kanuni ya kumkata mtu mshahara kwa kosa la hesabu. Aliambiwa hivyo na mtu aliyekuwepo kabla yake, akaiamini mwaka mzima.

Hofu yake ilikuwa ya kweli na kosa lake lilikuwa la kweli. Nilimwambia yote mawili. Tukakubaliana wiki mbili atazijibu tiketi za pesa nikiwa naye kwenye laini. Kwenye mfumo tukaweka kwamba tiketi hairudi kwenye foleni bila sababu kuandikwa. Nami nikaacha kutangaza idadi za tiketi. Mwezi uliofuata alirudisha mbili tu, zote zikiwa na sababu inayoeleweka.

Siku hiyohiyo nilimpigia dada wa Tanga. Nikamwambia nimeona, nikamtajia idadi, na nikamwonyesha tathmini yake niliyoisahihisha. Viongozi wengi hushughulika na mkosaji wakamsahau aliyebeba mzigo wake, na huyo aliyebeba ndiye anayeanza kutafuta kazi kwingine.

"Sawa dada"

Hili ndilo gumu kuliko yote kwenye timu za kwetu, na vitabu vya uongozi vya wageni havilijui.

Sisi tumelelewa kutomkatalia mkubwa usoni. Ukitoa maagizo kwenye kikundi, utajibiwa "sawa dada" kumi na mbili. Ya kwanza maana yake nimeelewa. Nyingine maana yake nimesikia, ila haiwezekani na siwezi kukuambia. Nyingine maana yake umeniudhi, niache. Ofisini uso na mabega vingekuambia ipi ni ipi. Kwenye maandishi zote zina herufi nane.

Nimeacha kumaliza maagizo kwa "tumeelewana?" Swali hilo lina jibu moja tu. Siku hizi nauliza "Utaanzia wapi?" au "Hapo kipi kitakukwamisha?" Mtu aliye pamoja nami atataja jambo: "Nitaanza na za jana, ila ile ya mteja wa Ujerumani sina ruhusa ya kuifungua." Akijibu tena "sawa" mara ya pili, sitaandika ya tatu, napiga simu. Mara nyingi nakuta nilichoagiza hakiwezekani kwa muda niliotoa.

Marekebisho siyatumi kwa sauti iliyorekodiwa. Mtu anaisikiliza usiku, peke yake, mara sita, na kila akirudia sauti yangu inakuwa kali zaidi. Halafu inasambaa. Ongea naye moja kwa moja aweze kukujibu, kisha andika kwa mistari mitatu mlichokubaliana.

Na mtu aliyekuwa anatania kwenye kikundi akinyamaza wiki nzima, usisubiri kazi yake iharibike. Piga bila ajenda ya kazi. Uliza habari za nyumbani, na baada ya kuuliza, nyamaza umsikilize. Kununa kwa mtu wa mbali hakuna mlango unaobamizwa wala kikombe kinachotupwa mezani. Utakachosikia ni ukimya, na kiongozi aliyechoka huupenda ukimya.

Kuhusu kamera, sizilazimishi. Kikao cha video cha saa moja kinaweza kula zaidi ya MB 500 za bando, na wapo wanaoishi chumba kimoja na familia ambao hawataki kitanda chao kionekane kwa wenzao. Nadai kamera kwenye mambo mawili: usaili, na mazungumzo mazito ya watu wawili. Hata hapo naruhusu akae uani.

Akiwa mkubwa kwako kwa umri

Nina mwenzetu mmoja aliyenizidi miaka kama kumi na tano, aliwahi kufanya kazi benki. Ana akili na wateja wanampenda. Alikuwa na tabia ya kuwakatisha vijana kwenye vikao. Siku moja binti wa Dodoma alikuwa anaeleza malalamiko ya mteja, akamwambia mbele ya wote, "Wewe Kiingereza chenyewe hujui." Yule binti hakufungua tena kipaza sauti siku ile, wala kikao kilichofuata.

Wengine wanaogopa kumgusa mkubwa, wanaacha. Wengine wanaamua kwamba cheo ni cheo, wanamkemea kwenye kikundi, na hapo timu nzima inahama upande wake, hata waliokuwa wanaumizwa naye. Nilisubiri jioni ya siku iliyofuata, zamu imekwisha. "Shikamoo kaka." Nikamuuliza hali ya nyumbani. Kisha nikalisema lenyewe bila kulizungusha: "Jana kwenye kikao ulimwambia binti wa Dodoma hajui Kiingereza. Baada ya hapo hakuongea tena. Kaka, naomba lisirudiwe, na ningeomba umpigie." Heshima niliiweka kwenye salamu, kwenye saa niliyochagua, na kwenye kuongea naye bila watu wengine. Kosa sikulifunika. Nimesikia viongozi wakimzungushia mkubwa maneno nusu saa, na mwisho mkubwa anashukuru kwa mazungumzo mazuri bila kujua aliitiwa nini.

Alikaa kimya, akasema, "Nimekuelewa mdogo wangu." Alimpigia binti siku ya pili. Mwezi ulipopita bila kurudia ndipo nikamwomba awe anawafundisha wageni namna ya kumtuliza mteja mkali. Ningempa jukumu hilo wiki ileile, wenzake wangeona kejeli imemletea cheo.

Kikundi cha pembeni

Kila timu ya mbali ina kikundi cha WhatsApp ambacho kiongozi hayumo. Usihangaike kukivunja. Watu wanahitaji mahali pa kulalamika, na kusema "bosi leo kaamka vibaya" hakujaua kampuni.

Shida ni usiku ule mtu anapokutumia picha ya skrini: "Dada ona wanavyokusema." Mara ya kwanza niliichukua, nikaanza kuwatendea walioandika kwa namna nyingine, na ndani ya wiki mbili nilikuwa na kambi mbili. Siku hizi namjibu: "Asante kwa kunijali. Naomba usinitumie tena za namna hii. Kama kuna jambo la kazi humo, niambie jambo lenyewe." Aliyeileta anapaswa kujua kwamba kwangu hakuna bei ya majungu. Kisha naangalia kilichosemwa, simwangalii msemaji. Walikuwa wanalalamika kwamba zamu za Jumapili wanapewa walewale. Nikafungua ratiba ya miezi mitatu, nikakuta ni kweli. Nikairekebisha bila kusema nimesikia wapi.

Kuna vitu ambavyo havisubiri busara hiyo. Kijana anapowatumia mabinti wa timu ujumbe wa usiku wasioutaka, au mtu anapobezwa kwa kabila lake, dini yake au ulemavu wake, hapo siulizi hali ya umeme wala sipatanishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaihesabu bughudha kama hiyo kuwa ubaguzi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza unyanyasaji wa mtandaoni. Mwambie aliyetendewa asifute chochote, hata kama inauma kuendelea kuwa nacho: ujumbe wenyewe, tarehe, namba iliyotuma. Mpeleke kwa mhusika wa rasilimali watu siku hiyohiyo, tenganisha zamu zao, na atakayehamishwa zamu awe anayelalamikiwa. Usimwombe aliyetendewa "alimalize kiutu uzima." Niliwahi kumsikia kiongozi mmoja akisema hivyo kwa binti wa miaka ishirini na mbili, na binti aliacha kazi kabla mwezi haujaisha.

Kuhusu anayefanya kazi mbili kwa siri sina mengi. Soma mkataba unasemaje. Kama mkataba hauzuii na zamu yako haiguswi, usiku wake ni wake. Kama analala juu ya tiketi zako saa nne asubuhi kwa sababu alikuwa anawajibu wateja wa wengine mpaka alfajiri, zungumza naye kuhusu tiketi za saa nne.

Likifika kwenye nidhamu rasmi

Wapo ambao utaongea nao, utawasaidia, utawaandikia, na hawatabadilika. Kuwafumbia macho ni kuwaonea waliobaki. Lakini umbali haukuondolei utaratibu, na hapa ndipo viongozi wengi huiangusha kampuni: wanamtoa mtu kwenye kikundi usiku, wanafunga nywila zake, wanadhani ameshaachishwa kazi.

Kwa Tanzania, sheria inataka sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinataka uchunguzi kwanza, kisha taarifa ya tuhuma kwa maandishi katika lugha anayoielewa, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na haki ya kuja na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Walio Kenya wana sheria yao ya 2007, ambayo nayo inadai mtu asikilizwe, akiwa na mwenzake, kabla ya kuachishwa. Watu wangu wawili wa Mombasa nawafuatia hiyo.

Kikao cha nidhamu kwa video kina mambo yake. Mtumie bando la kikao, usimwambie ajitegemee. Uliza umeme kwao ukoje saa hiyo. Mtumie ushahidi wote kabla, maana nyaraka unazomwonyesha kwa mara ya kwanza kwenye skrini ya simu hawezi kuzisoma. Laini ikikatika, kikao kinasimama. Usiendelee bila yeye ukaandika kwamba alitoka. Muhtasari autie saini au aandike asichokubaliana nacho. Na ushahidi wako uwe wa kazi: tiketi, saa, maneno aliyoandika. Programu ya kupiga picha skrini uliyoiweka bila kumwambia usije nayo. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na inataka mtu ajue taarifa zake zinakusanywa na kwa ajili gani.

Akiachishwa, waambie wenzake siku hiyohiyo kwa mistari miwili: hayupo nasi tena, zamu zake anashika fulani. Sababu usiziandike. Ukichelewa mpaka kesho, kikundi cha pembeni kitakuwa kimeshaandika zake.

Kisha kuna laptopu ya kampuni kurudishwa. Ya mwisho ilitoka Arusha kwa basi. Tulilipa sisi gharama ya kifurushi, nikamwomba apige picha ya kifaa pande zote na namba yake ya nyuma kabla ya kukifunga, nami nikapiga nilipokipokea Mbezi, stendi ya Magufuli. Nilimpigia kumwambia imefika salama. Pamoja na stahiki zake anadai cheti cha utumishi, ni haki yake kisheria hata kama ameondoka kwa kosa. Mwandikie mapema, na umtumie nakala halisi kwa basi lilelile linalorudi.